Dume mmoja mweusi, wawili wa kijivu: je, wote ni nigripinnis?

Swali: Naishi Ujerumani na nimefuga samaki wa vidimbwi vya muda, Nothobranchius guentheri wa Unguja, kwa muda mrefu. Safari hii nilipata mfuko wa mboji yenye mayai ya samaki, kibandiko kikisema "Cynolebias nigripinnis, Villa Soriano". Samaki sasa wana wiki tisa, wote wako kwenye tangi moja la lita 40, joto nyuzi 26. Madume ni watatu. Mmoja ni mweusi tii mwenye vitone vya buluu, wawili ni wa kijivu na ubavuni wana michirizi hafifu iliyosimama. Majike watano ni wa kahawia, siwezi kuwatofautisha. Je, nina spishi moja au mbili? Na jina sahihi ni lipi, maana nakutana na Cynolebias, Austrolebias na Argolebias kwa samaki yuleyule?

Jibu: Kwa maelezo yako, uwezekano mkubwa ni kwamba una spishi moja, nigripinnis, na wale wawili wa kijivu ni madume waliozidiwa nguvu na yule mweusi. Lakini uwezekano mkubwa hautoshi kwa samaki utakaowazalisha na huenda ukawagawia wenzako mayai yao. Villa Soriano iko Uruguay, karibu na pale mto Negro unapoingia mto Uruguay, na katika bonde hilo la chini la mto Uruguay wanaishi pia ndugu wawili wa nigripinnis ambao wangeweza kuingia kwenye mfuko huohuo: bellottii na alexandri. Usiwaache watage kwanza. Una kazi ya kama wiki mbili, na inaanzia kwenye joto la maji.

Nyuzi 26 zinamfaa guentheri. Nigripinnis ni samaki wa vidimbwi vya nyika za Argentina na Uruguay, vidimbwi ambavyo kwa kawaida hujaa mvua kuanzia Aprili au Mei, samaki wakakua kipupwe chote, kisha vikakauka kufikia Desemba au Januari. Usiku wa kipupwe maji hayo hushuka hata chini ya nyuzi 10. Kwa hiyo samaki unaowaona sasa wamekulia kwenye joto wasilolizoea, na joto la namna hiyo hufanya mambo mawili yanayomchanganya mtu anayetaka kutambua spishi: madume hupauka, na dume dhaifu huchoka haraka zaidi akifukuzwa, akazidi kupauka. Zima hita. Shusha joto kwa nyuzi 2 kwa siku mpaka ufike 18 au 20, na uwaache hapo. Katika nyumba nyingi za Ujerumani tangi lisilo na hita sakafuni litafika kiwango hicho lenyewe, isipokuwa katikati ya kiangazi.

Jambo la pili ni ubabe. Madume wa kundi hili hubadili rangi kulingana na hali zao, na hubadili haraka. Anayetawala hujaza weusi mwili mzima na kutanua mapezi. Anayefukuzwa hukunja mapezi, mwili huwa wa kijivu, na michirizi iliyosimama hujitokeza ubavuni. Michirizi hiyo ya woga ndiyo inayowafanya watu wengi waseme wamepata alexandri, kumbe wana nigripinnis aliyefukuzwa tangu asubuhi. Madume watatu katika lita 40 bila maficho ya kutosha ni hali inayoleta matokeo haya karibu kila mara, kwa hiyo rangi unayoiona sasa haithibitishi kitu.

Kipimo chenyewe ni kuwatenganisha. Weka kila dume kwenye chombo chake cha lita 10 hadi 15, chini pawe peusi, mchanga wa rangi nyeusi au majani makavu ya mwaloni yaliyochemshwa, pamoja na shada la moss ya majini na taa isiyo kali. Usimwekee jike na usimwekee chombo cha mboji cha kutagia, maana hatutaki mayai kwa sasa. Vyombo visitazamane, weka kipande cha kadibodi kati yake ili yule mweusi asiendelee kuwatisha wenzake kupitia kioo. Lisha chakula hai mara mbili kwa siku: dafnia, viluwiluwi vya mbu, artemia waliokomaa. Samaki wa kundi hili walioshiba vyakula vikavu hawafikii rangi zao kamili, na wengi hawavili kabisa. Badilisha robo ya maji kila siku ya tatu, kwa maji ya joto lilelile.

Baada ya siku saba hadi kumi, simamisha kioo kidogo cha kujitazamia nje ya chombo, upande mmoja, kwa dakika mbili au tatu. Dume mwenye afya atajiona, atatanua mapezi na rangi itapanda mbele ya macho yako. Huo ndio wakati wa kumtazama kwa makini na kumpiga picha. Ondoa kioo baada ya hapo. Ukikiacha kutwa nzima, samaki atachoka kwa kupigana na kivuli chake na utakuwa umerudi ulikoanzia.

Tazama kwanza mapezi yasiyo na pacha, yaani la mgongo, la mkundu na la mkia, kabla ya kutazama ubavu. Kwa nigripinnis rangi ya msingi ya mapezi hayo ni nyeusi au buluu nzito inayokaribia weusi, na juu yake kuna vitone vidogo vya buluu au kijani vinavyometa. Ukingo wa pezi la mgongo mara nyingi una mstari mwembamba unaong'aa kwa buluu ya kijani. Ubavuni vitone hutawanyika, na vikijipanga, safu zake huvunjikavunjika. Kwa bellottii rangi ya msingi ni buluu ya kijivu, hata akiwa amekasirika. Anaweza kuwa mzito wa rangi, lakini hafikii weusi wa mahameli, na vitone vyake vyeupe ubavuni hupenda kujipanga katika mistari iliyosimama. Alexandri ndiye mwenye michirizi ya kweli: mistari myembamba myeusi iliyosimama juu ya mwili wa kijani au buluu, na tofauti kubwa ni kwamba akipandisha rangi michirizi hukolea. Ya nigripinnis aliyeonewa hufanya kinyume, humezwa na weusi. Kwa hiyo swali la kujiuliza mbele ya kioo ni moja: dume huyu anapojitapa, michirizi inazidi au inapotea?

Ikiwa madume wako wawili watageuka weusi, kazi upande wa madume imekwisha. Mmoja akigeuka na mwingine akabaki kijivu, mpe wiki nyingine kabla ya kuhukumu. Wapo madume wanaochelewa, hasa walioanguliwa siku chache baada ya wenzao wakanyimwa chakula na wakubwa. Ukubwa wa mwili utakusaidia kidogo hapa. Nigripinnis aliyekomaa ni mdogo, sm 4 hadi 5 hivi, wakati bellottii huweza kufika sm 7. Lakini wiki tisa ni mapema, na samaki aliyelishwa vizuri humpita mwenzake wa spishi kubwa aliyelishwa vibaya. Ukipima, pima kuanzia ncha ya mdomo hadi mahali pezi la mkia linapoanzia, usihesabu pezi lenyewe. Ndivyo vipimo vya vitabu vya wataalamu vinavyochukuliwa, na mtu anayepima mpaka mwisho wa mkia hujikuta na samaki mkubwa kuliko alivyo.

Kabla ya kuendelea na ndugu wa karibu, hakikisha kwa dakika moja kwamba uko kwenye kundi sahihi, kwa sababu vibandiko vya mayai hukosewa hata kwa mambo makubwa. Samaki wako anapaswa kuwa na kiwiliwili kifupi kilichobanwa ubavuni, pezi la mgongo na la mkundu yakianzia karibu mkabala, mstari mweusi unaopita wima kwenye jicho, juu na chini yake, na sehemu tupu isiyo na magamba kati ya pembe ya mdomo na shavu. Ukikuta samaki mrefu wa mviringo kama penseli, kichwa bapa, na pezi la mgongo limesogea nyuma sana kuelekea mkiani, huyo ni wa kundi la Rivulus na jamaa zake, na mazungumzo yote haya hayamhusu. Ukikuta samaki mdogo mwenye mistari miwili myeusi inayolala toka kichwani hadi mkiani, fikiria Cynopoecilus, ambaye hushiriki vidimbwi na samaki hawa huko kusini mwa Brazili na Uruguay. Kwa ulivyoeleza, sioni dalili ya mojawapo.

Wengi huuliza kuhusu kuhesabu vijiti vya mapezi, vile vyembamba vinavyoshikilia ngozi ya pezi. Kwa spishi hizi tatu sikushauri uvitegemee kuamua jina. Hesabu zake zinaingiliana, samaki mmoja wa spishi hii akawa na idadi ileile ya mwingine wa spishi ile. Vina faida nyingine ambayo wewe unaihitaji zaidi: kutenga jinsia. Dume ana vijiti vingi zaidi katika pezi la mgongo kuliko jike, na kitako cha pezi hilo ni kirefu zaidi. Katika majike wako watano huenda yumo dume mmoja aliyedumaa, anayejificha kwa rangi ya kahawia ili asipigwe. Mpige picha taa ikiwa nyuma yake, kuza picha kwenye skrini, uhesabu vijiti toka cha kwanza kifupi hadi cha mwisho. Viwili vya mwisho vikiota kwenye shina moja, vihesabu kuwa kimoja. Fanya hivyo kwa wote watano, na atakayewapita wenzake kwa tofauti ya wazi mtenge na umtazame.

Picha nzuri ndiyo ushahidi utakaobaki samaki wakishakufa, kwa hiyo ichukue kwa uangalifu. Tengeneza kisanduku chembamba cha kioo, upana wa ndani sm 3 au 4, ili samaki asiweze kugeuka upande. Jaza maji ya tangi lake mwenyewe, si ya bomba, maana tofauti ya joto tu inatosha kumpausha. Weka karatasi nyeusi isiyong'aa nyuma, rula ndogo ukutani, na mwanga toka juu na pembeni. Flashi ikielekezwa usoni mwa kioo itarudi kwenye lenzi na kufuta vile vitone vya kumeta ambavyo ndivyo unavyovitafuta. Piga upande wa kushoto wa kila samaki, mapezi yakiwa yametanuka, kisha upande wa kulia. Baada ya dakika tano samaki huanza kupauka. Mrudishe, ujaribu siku nyingine. Picha ya simu iliyopigwa juu ya tangi, samaki akiogelea, haiwezi kumpa mtaalamu yeyote jibu la kuaminika.

Sasa majike, na hapa ndipo penye ugumu wa kweli. Jike wa nigripinnis ni wa kahawia hafifu au kijivu, mwenye madoadoa meusi yasiyo na mpango. Jike wa bellottii pia. Wa alexandri pia. Ukiwa na kundi zima la bellottii waliokomaa, ukubwa utakwambia kitu. Ukiwa na jike mmoja mchanga asiye na historia, hakuna anayeweza kumpa jina kwa kumtazama, na atakayekwambia anaweza usimwamini. Umeshaliona hili kwa Nothobranchius wa Tanzania na Kenya: madume hutofautiana kwa rangi kali, majike ni wa kijivu wote. Jike wa samaki wa vidimbwi vya muda hutambuliwa kwa jina la kidimbwi alikotoka na kwa madume alioanguliwa nao. Basi.

Kwa hiyo majibu ya madume ndiyo yanayoamua hatima ya majike. Madume wote watatu wakiwa weusi, na wote wametoka mfuko mmoja, ni halali kuwachukulia majike watano kuwa nigripinnis. Dume hata mmoja akithibitika kuwa bellottii au alexandri, majike wote wanakuwa na shaka, kila mmoja wao, na hupaswi kuwazalisha kwa pamoja. Spishi hizi zina undugu wa kutosha kiasi kwamba kupandana ndani ya tangi ni hatari halisi. Hata porini, mashariki mwa Uruguay, kuna eneo ambako charrua na reicherti, ndugu zao wengine, hukutana na kuzaa machotara.

Ukifika hapo, njia ya kuokoa kundi ipo lakini ni ya subira. Weka kila jike peke yake na dume mweusi aliyethibitika, kwa zamu, kila jozi na chombo chake cha mboji na namba yake. Usichanganye mayai. Angua kila fungu kando, kuza watoto mpaka madume wafike wiki nane hadi kumi, halafu uwapime kwa kioo kama ulivyowapima baba zao. Fungu ambalo madume wake wote wanafikia weusi kamili na mapezi yaliyoiva rangi unaweza kuliweka. Fungu lenye madume wa rangi za katikati, weusi nusu na michirizi isiyopotea, lifuge kwa kulitazama tu; mayai yake yasiende kwa mtu mwingine. Nataka uelewe udhaifu wa kipimo hiki: chotara anaweza kufanana sana na baba yake, kwa hiyo kinapunguza shaka bila kuiondoa yote. Ukiweza kupata mayai mapya toka chanzo chenye historia safi, hiyo ni njia bora kuliko miezi ya kuchambua mafungu.

Unaweza kujiuliza mchanganyiko ungetokea vipi kwa mfugaji mwangalifu. Sababu ya kwanza ni kidimbwi chenyewe: katika maeneo kadhaa ya Buenos Aires nigripinnis na bellottii huishi dimbwi moja, na aliyevua akaweka majike wote ndoo moja ameshaharibu kabla hajafika nyumbani. Sababu ya pili ni mboji iliyotumika mara mbili. Mayai ya samaki hawa hayaanguliwi kwa pamoja. Kiinitete hulala katika vituo vitatu vya usingizi, ambavyo mtafiti Wourms alivieleza mwaka 1972, na baadhi ya mayai hubaki yamelala wenzao wanapoanguliwa. Mboji iliyolowekwa, samaki wakatolewa, ikakamuliwa na kuwekewa spishi nyingine, bado ina mayai hai ya wale wa kwanza. Njia ya kuzuia ni rahisi: mboji ya zamani ichemshwe dakika 20 au itupwe. Mpe aliyekupa mfuko maswali haya mawili, kama samaki wake walitoka kidimbwi kilichovuliwa spishi moja tu, na kama mboji ilikuwa mpya. Majibu yake yana uzito kuliko picha nyingi.

Mahali pa asili panasaidia pia kufuta majina ambayo watu watakutupia. Mtu akikwambia samaki wako ni adloffi, charrua, luteoflammulatus au wolterstorffi, mwambie hao ni wa upande wa mashariki, kwenye mabonde ya ziwa Patos na Merín, kusini mwa Brazili na mashariki mwa Uruguay. Akikwambia ni paranaensis, huyo ni ndugu wa karibu sana wa nigripinnis lakini anatoka mbali kaskazini, kwenye mto Paraná upande wa Paraguay na Argentina. Nisingejaribu kumtenga paranaensis na nigripinnis kwa picha ya samaki wa tangini asiye na kibandiko. Kwa samaki wako mwenye jina la Villa Soriano swali hilo halipo, mradi kibandiko ni cha kweli.

Kuhusu majina matatu uliyoyaona, yote yamewahi kuwa sahihi kwa wakati wake. Regan, aliyekuwa kwenye makumbusho ya London, alimpa samaki huyu jina Cynolebias nigripinnis mwaka 1912. Cynolebias lilikuwa kapu kubwa mno, na mwaka 1998 Costa wa Brazili akalitenga kundi la kusini kwa jina Austrolebias. Mwaka 2023 Alonso na wenzake, wakitumia DNA pamoja na maumbile, wakaligawa Austrolebias katika jenasi kumi, yaani makundi kumi ya spishi zenye undugu wa karibu. Nigripinnis akaenda Argolebias, na bellottii, aliyeelezwa na Steindachner mwaka 1881, akabaki Austrolebias. Wafugaji wengi wataendelea kuandika Austrolebias nigripinnis kwa miaka, na hakuna atakayepotea kwa hilo. Neno lisilobadilika ni lile la pili, nigripinnis, na ndilo la kutafutia habari. Aliyeandika Cynolebias kwenye mfuko wako ametumia kitabu cha zamani; hiyo peke yake si dalili kwamba samaki si sahihi.

Ikiwa shaka itabaki, hifadhi samaki watakaokufa, na watakufa mapema, maana hawa mara chache huvuka mwaka hata wakitunzwa vizuri. Hakuna haja ya kumkata pezi samaki aliye hai. Mara tu samaki anapokufa, kabla hajalainika, mtumbukize kwenye ethanoli ya asilimia 96, kiasi mara kumi ya ujazo wa samaki, umbadilishie ethanoli baada ya siku moja. Usitumie formalini ukitaka vipimo vya DNA. Inahifadhi umbo vizuri lakini inaharibu DNA. Rangi nyekundu na buluu zitapotea ndani ya ethanoli, ndiyo maana picha zile zilitangulia. Ukipata maabara ya kusoma jeni la mitokondria, kumbuka kwamba jeni hilo hurithiwa toka kwa mama peke yake: chotara wa mama nigripinnis na baba bellottii atasomeka nigripinnis safi. Kwa majike wako watano kipimo hicho kitakwambia ukoo wa mama tu. Hata ganda la yai lina alama zake, vinyweleo na mikunjo inayotofautiana kati ya spishi za kundi hili, ila huonekana kwa hadubini ya elektroni, si kwa lensi ya mkononi.

Kama umeshakusanya mayai kutoka tangi la pamoja, usiyatupe. Kamua mboji mpaka isidondoshe maji ukiifinya, ibaki laini na yenye unyevu, uifunge kwenye mfuko na kuiweka nyuzi 20 hadi 22 kwa miezi mitatu hivi. Muda huo unatosha kumaliza vipimo vya madume. Kwenye mfuko usiandike "nigripinnis" pekee. Andika tarehe ya kukusanya, "Argolebias cf. nigripinnis", Villa Soriano kama ilivyoandikwa kwenye mfuko wa kwanza, na "madume 3 na majike 5, madume 2 hawajathibitishwa". Herufi cf. zinamwambia msomaji kwamba unamlinganisha na nigripinnis lakini hujahitimisha. Madume wakithibitika, futa cf. na uongeze tarehe ya kuthibitisha. Wasipothibitika, mayai hayo yabaki kwako, na kwenye jina la mahali usibadilishe neno lolote: jina la kidimbwi likishapotea kwenye mfuko, hakuna kipimo cha nyumbani kitakacholirudisha, na vidimbwi vingi vya nyika hizo vinaendelea kufukiwa kwa kilimo na upanuzi wa miji.